DIWANI: NENO LILILOANZIA KWENYE DAFTARI LA HESABU

Kila baada ya miezi mitatu, katika kumbi za halmashauri za Tanzania Bara, hufanyika mkutano wa kawaida wa Baraza la Madiwani. Mwenyekiti au Meya huingia akiwa amevaa joho, wajumbe husimama, dua husomwa, kisha Mkurugenzi Mtendaji, ambaye kwa nafasi yake ndiye katibu wa Baraza, huwasilisha ajenda. Katika ukumbi huo hujadiliwa fedha za zahanati, barabara za vijijini, madawati, ushuru wa soko na mikopo ya vikundi. Mengi yanayomgusa mwananchi tangu anapoamka hadi anapolala hupitia mikononi mwa watu wanaoitwa madiwani.

Pamoja na hayo, si wananchi wote wanaoelewa kwa namna moja maana ya cheo hicho. Wapo wanaomwona diwani kuwa mkubwa wa kata, mtu wa kuogopwa na kupigiwa magoti. Wapo wanaomwona kuwa mfadhili ambaye kazi yake ni kuchangia misiba, kulipa ada za wanafunzi na kununua jezi za timu. Wengine humchukulia kuwa mtendaji wa Serikali na humlaumu kwa kutotoa fedha ambazo kisheria hana mamlaka ya kuzitoa. Mitazamo hiyo ina hasara moja inayofanana: humfanya mwananchi asahau kumuuliza diwani jambo ambalo ndiye hasa wa kuulizwa, nalo ni hesabu.

Historia ya neno lenyewe ina mafunzo katika suala hili. Kabla ya kuwa cheo cha mtu, diwani lilikuwa jina la daftari.

Maana zaidi ya moja

Katika Kiswahili cha leo neno diwani lina maana kuu mbili. Ya kwanza ni mwakilishi wa wananchi katika halmashauri ya wilaya, mji, manispaa au jiji. Wingi wake ni madiwani, na cheo chenyewe ni udiwani. Maana ya pili ni mkusanyiko wa mashairi ya mtunzi mmoja au watunzi kadhaa uliochapishwa katika kitabu kimoja. Wasomaji wa fasihi wanaikumbuka maana hiyo kupitia Diwani ya Shaaban, jina linalobeba kazi za Shaaban Robert.

Kwa haraka mtu anaweza kudhani kuwa hayo ni maneno mawili yaliyofanana kwa bahati tu, kwa kuwa mjumbe wa halmashauri na kitabu cha mashairi havielekei kuwa na uhusiano wowote. Ukweli ni kwamba ni neno moja. Vyote viwili vinatoka kwenye wazo la maandishi yaliyokusanywa mahali pamoja: mashairi katika kitabu, au majina na hesabu katika daftari.

Kiswahili kimelipata neno hili kwa njia ya Kiarabu, nacho Kiarabu kililipata kutoka Kiajemi. Wanaisimu hulihusisha na mzizi wa kale wa Kiajemi wenye maana ya maandishi, mzizi uleule uliozaa jina la karani katika lugha hiyo. Ipo pia hadithi ya zamani iliyosimuliwa na mwanahistoria Ibn Khaldun, aliyeishi katika karne ya 14. Katika hadithi hiyo, mfalme wa Uajemi alipita mahali walipokuwa makarani wake, akawakuta wakipiga hesabu huku wakizungumza peke yao. Akasema kwa Kiajemi kuwa hao ni wendawazimu, akitumia neno linalokaribia kufanana na diwani, na tangu siku hiyo ofisi yao ikaitwa hivyo. Hadithi hiyo huchekesha zaidi kuliko inavyothibitisha. Hata hivyo, inakubaliana na wanaisimu katika jambo moja la msingi: neno hili lilianza kwa watu wanaohesabu na kuandika.

Daftari la Khalifa Umar

Neno diwani liliingia katika utawala wa Waarabu katika karne ya 7, wakati wa Khalifa Umar ibn al-Khattab, aliyeongoza dola ya Kiislamu kuanzia mwaka 634 hadi 644. Dola ilikuwa imepanuka kwa kasi, na mali iliyokusanywa kutoka nchi za mbali ilikuwa nyingi kiasi kwamba haikuwezekana tena kuigawa kwa kumbukumbu ya kichwa. Swali lilikuwa lilelile linalowakabili viongozi wa zama zote: nani apewe nini, kwa kigezo gani, na nani atathibitisha kuwa amepewa?

Jibu lilikuwa daftari. Majina ya waliostahili kulipwa yaliandikwa, na mbele ya kila jina kikawekwa kiwango chake. Daftari hilo likaitwa diwani. Wanahistoria wa Kiislamu wanasimulia kuwa Khalifa alishauriwa jina lake litangulie, naye akakataa. Akaelekeza kuwa waanze ndugu wa Mtume, na yeye aandikwe pale nasaba yake itakapoangukia. Mwenye mamlaka juu ya hazina hakujiweka katika mstari wa kwanza wa daftari la hazina.

Baadaye neno liliongezeka maana. Kutoka daftari likawa ofisi inayotunza daftari hilo, na kukawa na diwani ya kodi, diwani ya jeshi na diwani ya barua. Zama za Khalifa Abd al-Malik, aliyetawala kuanzia mwaka 685 hadi 705, lugha ya madaftari hayo ilianza kubadilishwa. Hadi wakati huo hesabu za Shamu ziliandikwa kwa Kigiriki na za Iraki kwa Kiajemi, lugha za makarani wa tawala zilizotangulia. Amri ikatolewa ziandikwe kwa Kiarabu, na hivyo siri za hazina zikaacha kuwa mali ya makarani wachache.

Neno latembea duniani

Kutoka hapo neno hili lilisafiri. Katika dola ya Waturuki wa Uthmaniya, diwani lilikuwa baraza kuu la Sultani, mahali walipoketi mawaziri kujadili mambo ya nchi na kusikiliza mashauri. Wajumbe walikaa kwenye viti virefu vyenye mito vilivyopangwa kandokando ya ukuta, na Wazungu walioviona wakavibeba viti hivyo pamoja na jina. Ndiyo maana hadi leo katika lugha kadhaa za Ulaya neno hilo lina maana ya kochi.

Katika Bahari ya Mediterania, ofisi iliyoandika mizigo na kutoza ushuru iliitwa kwa jina hilohilo. Kutoka kwake Wafaransa walipata neno lao la forodha, douane, Waitalia wakapata dogana na Wahispania aduana. Nchini India, diwani lilikuwa jina la waziri mkuu wa mtawala, hususan msimamizi wa mapato. Mwaka 1765 Mfalme Shah Alam wa Pili aliipa Kampuni ya Waingereza ya Mashariki ya India haki ya udiwani wa Bengal, yaani haki ya kukusanya kodi ya jimbo hilo. Kwa haki hiyo moja, kampuni ya biashara ikawa mtawala wa mamilioni ya watu. Aliyeshika daftari la mapato alikuwa ameshika nchi.

Katika safari yote hiyo neno liliendelea kuhusu mambo matatu: maandishi, mapato na kikao. Ni mambo hayohayo yanayounda kazi ya halmashauri leo.

Madiwani wa Mrima

Katika pwani ya Afrika Mashariki neno hili lilipata sura nyingine. Kwenye miji ya Mrima, yaani pwani ya Tanzania Bara inayokabili Unguja, ikiwemo Bagamoyo, Saadani na Pangani, diwani lilikuwa jina la mtawala wa mji. Mara nyingi mtu huyo aliitwa pia jumbe. Cheo chake kilitoka katika ukoo, lakini hakikutosha kuzaliwa tu katika ukoo huo. Aliyetaka kutawazwa alipaswa kutoa ada na kufanya karamu kubwa kwa watu wa mji, na kukubaliwa na wakubwa wenzake. Alikuwa na alama zake za heshima, na wapo waliokuwa chini yake kwa vyeo mbalimbali. Mtoro bin Mwinyi Bakari, aliyeandika kuhusu desturi za Waswahili katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1903, ameacha maelezo mapana ya mpangilio huo wa watawala wa Mrima.

Masultani wa Zanzibar walipotanua mamlaka yao katika pwani hiyo katika karne ya 19, waliweka maliwali katika miji na kusimamia forodha, lakini hawakuwaondoa madiwani. Waliwaachia kuamua mashauri ya watu wao, kusimamia mila na kupata sehemu ya malipo yaliyotokana na biashara ya misafara ya bara. Diwani wa Mrima hakuwa na daftari kama la Khalifa Umar. Kilichomfunga kwa watu wake kilikuwa ada na karamu: alipokea kutoka kwao na kwa wageni, naye alitarajiwa kuwarudishia kwa ukarimu. Diwani mchoyo hakudumu katika heshima.

Mpangilio huo ulipata pigo mwaka 1888. Katika mwezi Aprili, Sultani Khalifa bin Said aliikabidhi Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki usimamizi wa pwani pamoja na forodha zake. Kampuni ilipoanza kuchukua miji mwezi Agosti mwaka huo, ilileta amri mpya kuhusu kodi na uthibitisho wa umiliki wa ardhi, bila kujali haki za watawala wa miji. Mapambano yaliyoongozwa na Abushiri bin Salim huko Pangani na Bwana Heri wa Saadani yalienea pwani nzima. Sababu zake zilikuwa nyingi, lakini mojawapo ni hiyo: watu wa miji waliondolewa haki ya kuamua juu ya mapato na ardhi yao, na mamlaka hiyo ikapewa kampuni isiyowajibika kwao.

Baada ya mapambano hayo kuzimwa, utawala wa Kijerumani uliyachukua majina ya pwani na kuyapa kazi nyingine. Liwali, akida na jumbe wakawa watumishi wa dola. Kodi ya kibanda ilipoanzishwa mwaka 1897, wao ndio waliotumwa kuikusanya, na majina yaliyokuwa ya heshima yakaanza kuogopwa hadi bara. Jumbe hakuwajibika tena kwa watu waliomtawaza, bali kwa ofisa aliyemteua.

Kutoka kuteuliwa hadi kuchaguliwa

Waingereza walipoitawala Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, walitumia mfumo wa kutawala kupitia machifu. Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya mwaka 1926, wakati wa Gavana Donald Cameron, iliwapa machifu hazina na mahakama zao chini ya usimamizi wa wakuu wa wilaya. Mwananchi wa kawaida hakuwa na kura ya kumweka wala kumwondoa chifu.

Hatua ya kuelekea mabaraza ya uwakilishi ilikuwa ya polepole. Dar es Salaam ilipata hadhi ya manispaa mwaka 1949, na Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1953 ikaruhusu kuundwa kwa halmashauri katika maeneo mengine. Baada ya Uhuru wa mwaka 1961 mfumo wa machifu ulifutwa kisheria, na halmashauri zenye wajumbe waliochaguliwa zikachukua nafasi ya mamlaka za wenyeji.

Kiswahili hakikulazimika kutunga neno jipya kwa ajili ya mjumbe wa mabaraza hayo. Neno la zamani la Mrima lilikuwepo. Lakini kilichobadilika kilikuwa kikubwa: diwani wa zamani alipata cheo kwa ukoo na karamu, diwani mpya alikipata kwa kura. Wa zamani alitawala, wa sasa anawakilisha. Jina lilibaki lilelile, na pengine ndiyo sababu ya sehemu ya mkanganyiko uliopo hadi leo. Matarajio kwamba diwani atoe, agawe na afanye karamu ni ya kale kuliko sheria yoyote ya uchaguzi.

Miaka ambayo madiwani hawakuwepo

Thamani ya cheo hiki ilionekana wazi kilipoondolewa. Mwaka 1972 Serikali ilitekeleza mpango wa Madaraka Mikoani. Halmashauri za wilaya zilivunjwa, na muda mfupi baadaye zikafuata za miji. Lengo lilikuwa kupeleka wataalamu na fedha karibu na wananchi kupitia ofisi za mikoa na wilaya. Kilichotokea ni kuwa maamuzi yalisogea kwa maofisa, na chombo ambacho wananchi walikichagua wenyewe kikatoweka. Huduma za miji, hususan usafi, maji na barabara, zilidhoofika kwa kiasi cha kulazimisha mabadiliko, na mwaka 1978 ikatungwa sheria ya kurejesha halmashauri za miji.

Mwaka 1982 Bunge lilitunga sheria zilizorejesha mfumo mzima: Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Namba 7, Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) Namba 8 na Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa Namba 9. Halmashauri zikaanza kazi upya mwaka 1984. Katika mwaka huohuo Mwalimu Julius Nyerere alikiri katika mahojiano kuwa, kama angepewa nafasi ya kuanza tena, kufuta serikali za mitaa ni miongoni mwa mambo ambayo asingeyafanya. Ni nadra kwa kiongozi wa nchi kukiri kosa kwa uwazi wa namna hiyo.

Ili historia hiyo isijirudie, serikali za mitaa ziliwekwa katika Katiba ya Jamhuri ya Muungano. Ibara ya 145 inaelekeza kuwepo kwa vyombo hivyo, na Ibara ya 146 inaeleza kuwa madhumuni yake ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Uwepo wa Baraza la Madiwani, kwa hiyo, una msingi wa kikatiba.

Neno baraza nalo

Cheo cha diwani hakikamiliki bila neno linalokitangulia. Baraza, kabla ya kuwa kikao, ni mahali pa kukaa. Katika miji ya pwani kama Mji Mkongwe na Lamu, baraza ni kiti cha mawe kilichojengwa kandokando ya ukuta wa nje wa nyumba, ambapo wenyeji hukaa kuzungumza, kunywa kahawa na kupokea wageni. Watawala nao walikuwa na baraza yao, mahali pa kuketi hadharani ili wenye shida wafike na kusikilizwa. Mzizi wake wa Kiarabu una maana ya kujitokeza au kuwa wazi.

Maneno hayo mawili yakiunganishwa yanatoa maana yenye uzito. Diwani ni daftari, na baraza ni mahali pa wazi. Baraza la Madiwani, kwa asili ya maneno yake, ni hesabu inayosomwa mahali ambapo kila mtu anaweza kuona na kusikia. Sheria inasimama katika maana hiyohiyo: mikutano ya kawaida ya Baraza iko wazi kwa wananchi na vyombo vya habari, wakiwa wasikilizaji. Nayo huendeshwa kwa Kiswahili, lugha ambayo mkulima na mchuuzi wanaielewa sawasawa na mwanasheria.

Kazi ya diwani leo

Kwa mujibu wa sheria za Tanzania Bara, diwani wa kata huchaguliwa na wananchi kila baada ya miaka mitano, katika uchaguzi mkuu ambao pia huwachagua Rais na wabunge. Mgombea anapaswa kuwa raia mwenye umri usiopungua miaka 21, awe mwanachama wa chama cha siasa na amedhaminiwa nacho, na ajue kusoma na kuandika kwa Kiswahili au Kiingereza. Sharti hilo la mwisho linaeleweka vizuri zaidi mtu akikumbuka neno lilikotoka: asiyeweza kusoma daftari hawezi kulisimamia. Katika Baraza, madiwani wa kata huungana na madiwani wanawake wa viti maalumu na wabunge wa eneo husika.

Kazi za Baraza zinaweza kuelezwa kwa mafungu manne. La kwanza ni kupitisha mipango na bajeti ya halmashauri kwa mwaka wa fedha unaoanza tarehe 1 Julai na kumalizika tarehe 30 Juni. La pili ni kutunga sheria ndogo, zikiwemo zinazohusu ushuru, usafi na mazingira. La tatu ni kusimamia utekelezaji, kupitia kamati za kudumu kama vile Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango. La nne ni kuwasimamia watumishi wa halmashauri katika uwajibikaji wao. Katika ngazi ya kata, diwani ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, na Mtendaji wa Kata ndiye katibu wake.

Ni muhimu pia kufahamu asichofanya. Diwani si mlipaji. Hasaini malipo, hashiki fedha za miradi na hatoi zabuni. Hayo ni ya watendaji wakiongozwa na Mkurugenzi. Diwani si mwenyekiti wa kijiji wala wa mtaa. Viongozi hao huchaguliwa katika uchaguzi wao tofauti, na Mkutano Mkuu wa Kijiji, unaowajumuisha wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea, ndiyo mamlaka ya juu katika kijiji. Aidha, diwani si mfadhili. Anaweza kuchangia msiba kama jirani mwema, lakini sadaka yake haiwezi kuwa badala ya swali aliloshindwa kuuliza kwenye kikao.

Mgawanyo huo upo kwa sababu maalumu. Anayetumia fedha asiwe ndiye anayejikagua, na anayekagua asiwe na mkono ndani ya sanduku. Diwani akianza kutafuta zabuni kwa niaba ya ndugu zake, au akitegemea hisani ya watendaji anaopaswa kuwahoji, mgawanyo huo huvunjika. Atakayeumia ni mama mjamzito anayefika kwenye zahanati ambayo kwenye taarifa imekamilika, lakini mlango wake bado umefungwa.

Mwananchi adai nini

Mapato ya ndani ya halmashauri hutokana na vyanzo ambavyo mwananchi hukutana navyo kila siku: ushuru wa mazao, ushuru wa masoko na minada, ada za leseni, ushuru wa huduma na vibali mbalimbali. Anayelipia meza yake sokoni asubuhi amechangia bajeti inayojadiliwa na Baraza. Ana haki ya kujua imekwenda wapi.

Mfano mmoja unatosha. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, kama ilivyorekebishwa mwaka 2018, inaitaka kila halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo iliwahi kusitishwa kwa muda mwaka 2023 ili kurekebisha utaratibu wa utoaji, kutokana na kasoro zikiwemo vikundi hewa na marejesho hafifu, kisha ikarejeshwa mwaka uliofuata. Kikundi hewa ni jina lililo kwenye daftari bila mtu nyuma yake. Diwani anayeijua kata yake, kwa majina na kwa nyuso, ana nafasi nzuri ya kulitambua jina la namna hiyo kabla ya fedha kutoka.

Maswali yanayomfaa diwani kwa hiyo si mengi, nayo hayahitaji usomi. Halmashauri ilipanga kukusanya kiasi gani mwaka huu, na imekusanya kiasi gani hadi sasa? Katika kata yetu uliombewa mradi gani, na umefikia hatua gani? Mdhibiti na Mkuu wa Hesabu za Serikali ametoa hoja zipi kuhusu halmashauri yetu, na zimejibiwaje? Wewe binafsi ulisema nini katika kikao kilichopita? Diwani anayefanya kazi yake huyafurahia maswali hayo, kwa sababu humpa nguvu anaporudi ukumbini.

Upande wa pili wa haki hiyo ni wajibu. Mkutano wa kijiji usiohudhuriwa hauwezi kumtuma diwani chochote. Mwananchi anayemfuata diwani nyumbani usiku kuomba msaada, lakini akakosekana kwenye mkutano wa hadhara taarifa ya mapato na matumizi inaposomwa, anamrudisha kwenye nafasi ya jumbe wa zamani: mtu wa kupewa heshima na kuombwa zawadi.

Jina hubadilika, kazi hubaki

Nchi jirani ya Kenya nayo ilitumia neno diwani kwa wajumbe wa mabaraza yake ya miji na wilaya. Baada ya Katiba ya mwaka 2010 na uchaguzi wa mwaka 2013, mabaraza hayo yalitoa nafasi kwa serikali za kaunti 47, na mjumbe wa bunge la kaunti akaitwa mwakilishi wa wadi. Zanzibar, yenye sheria zake za serikali za mitaa, inaendelea kuwa na madiwani.

Asili ya neno haitungi sheria, na hakuna mahakama itakayomhukumu diwani kwa kamusi. Wajibu wake unatoka kwenye Katiba, sheria na kiapo chake. Hata hivyo, watu waliolipa jina daftari la hazina na baadaye wakampa jina hilo mtu anayelisimamia walitambua kuwa mali ya umma haina mlinzi bora kuliko hesabu iliyoandikwa vizuri na kusomwa kwa sauti mbele ya wenye mali.

Mkutano ujao wa Baraza utakapotangazwa, viti vya wasikilizaji vitakuwepo. Hesabu itakayosomwa ni ya wananchi, na mahali pa kuisikilizia ni hapo.